Sahihi ya Mtu wa Pili

Juu ya meza ya Bwana Alawi palikuwa na mihuri mitatu, imepangwa safu moja mbele ya kidau cha wino. Mmoja uliandikwa MWENYEKITI, wa pili KATIBU, wa tatu MENEJA. Mtu asiyemjua akiingia mle ofisini, katika ile nyumba ya mawe karibu na forodha ya zamani ya Bagamoyo, angedhani Kampuni ya Chumvi ya Kitopeni ina wakubwa watatu, na kwamba wawili wametoka kidogo kunywa kahawa. Hawakutoka, kwa sababu hawakuwapo. Wote watatu walikuwa yule yule mmoja mwenye kofia ya viua na miwani, aliyekuwa amekaa palepale akimtazama Mwanajuma kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda barazani.

"Sabalkheri, Bwana Alawi."

"Sabalkheri. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Uliniambia Jumatano, na leo Jumatano."

Hii ilikuwa mara yake ya nne. Siku kumi na tisa zilizopita, siku ya Ijumaa, mashine ya kusaga chumvi ilimkamata mumewe Kitwana mkono wa kulia. Dole gumba likaenda, cha shahada kikaenda, na cha kati kikafuata. Hospitali walimshona, wakampa vidonge, na wakamkabidhi mkewe fomu ya ajali. Fomu ile mwajiri aijaze, aitie sahihi, ifike kwa Afisa Kazi kabla mwezi haujaisha. Isipofika, ajali haikutokea. Vidole havipo, lakini ajali haikutokea. Ndivyo karatasi zinavyoiona dunia.

Kulikuwa na kiti kitupu mbele ya meza. Mwanajuma alikuwa ametembea kutoka machumvini, jua la saa nne kichwani, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Akakishika kiti kwenye mgongo.

"Hicho usikalie," alisema Bwana Alawi. "Hicho kiti cha Katibu."

Mwanajuma akakiachia. Baadaye, kila alipokumbuka kuwa alikiachia, alijitukana mwenyewe.

"Fomu yako nimeiona," Bwana Alawi aliendelea. "Lakini mimi kama Meneja siwezi kuijaza bila kupata barua ya Katibu. Na Katibu hawezi kuandika barua kabla Mwenyekiti hajaitisha kikao cha Bodi. Kampuni ni kitu cha sheria, Mwanajuma. Si duka la maandazi."

"Na Mwenyekiti atakiitisha lini?"

"Analifikiria."

Alisema hivyo bila kucheka. Mji mzima ulijua kwamba Katibu wa kampuni alikuwa mdogo wake aitwaye Mgeni, aliyeondoka mwaka wa sitini na nne kwenda Maskati na hajaleta hata salamu. Mgeni aliondoka, cheo kikabaki, na muhuri ukabaki. Pale msikitini watu walikuwa na mzaha wao, kwamba Bodi ya Bwana Alawi hukutana anapojitazama kwenye kioo. Waliucheka mzaha huo sana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusema mbele yake.

"Na jambo jingine. Kitwana aje mwenyewe atie dole kwenye daftari, kuthibitisha kuwa yeye ni mgonjwa."

"Atie dole lipi, Bwana?" Mwanajuma aliuliza. "Dole lake limo ndani ya mashine yako."

Bwana Alawi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa tena.

"Chunga ulimi wako, bibi. Chumba mnacholala ni cha kampuni."

"Nimeuchunga siku kumi na tisa."

"Basi uchunge mpaka Jumatatu."

Mwanajuma alitoka. Nje, kwenye ngazi, hasira zilimjia kwa nguvu hata ikambidi asimame ashike ukuta. Hakulia. Alikuwa na hamu ya kurudi ndani akalie kile kiti.

*

Kitwana alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa chumba chao, mkono ameuegemeza kwenye goti, kitambaa kimeanza kupata rangi ya maji ya chai. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika mabwawa yale ya chumvi. Alichimba mifereji, alikokota chumvi kwa mbao, na mashine ilipoletwa akafundishwa kuiendesha kwa sababu alikuwa mtu wa kutumainiwa. Sasa alikuwa hawezi kufunga shuka lake mwenyewe. Mkewe alimfungia kila asubuhi, naye aligeuza uso pembeni wakati anafungiwa.

"Amesemaje?"

"Amesema Mwenyekiti analifikiria."

"Mwenyekiti si ni yeye?"

"Ni yeye."

Kitwana alisogeza mkono juu ya goti. "Labda ana shughuli nyingi."

"Baba Tatu!" Mwanajuma aliweka kikapu chini kwa kishindo. "Mtu amekula mkono wako, wewe unamtafutia udhuru?"

"Simtafutii udhuru. Ila na mimi nilikosea. Ijumaa ile, adhana ya kwanza imeshaadhiniwa, mimi nipo kwenye mashine. Nikisimama mbele ya watu niulizwe, nitasema nini?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla ndani kuliko maumivu. Ijumaa mashine haikuwa ikifanya kazi. Kila mtu Bagamoyo alijua. Lakini Ijumaa ile Bwana Alawi mwenyewe alikuja machumvini saa nne na nusu, kanzu yake nyeupe pe ameikunja isiguse tope, akasema lori analoendesha Bwanausi linasubiri mzigo wa Msata na Miono, magunia kumi yamepungua. "Kasage kumi tu, Kitwana. Utawahi hutuba." Kitwana akaenda kusaga. Bwana Alawi akapanda baiskeli kwenda msikitini, akasali safu ya mbele. Wakati wanatoa salamu, Kitwana alikuwa amelala juu ya magunia, na Bwanausi alikuwa anamfunga mkono kwa kilemba chake.

Kwa hiyo shahidi alikuwapo. Jioni ile Mwanajuma alimfuata Bwanausi nyumbani kwake, akamkuta anatia pachi mpira wa tairi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, na aliposikia anachotakiwa kusema, Bwanausi akainamia tairi lake.

"Shemeji, Mungu anajua nilivyomhurumia Kitwana. Lakini lori si langu. Mzigo ni wa Bwana Alawi. Nikisema mimi niliona, kesho nitakula nini? Nitakwenda Vigwaza kulima mihogo?"

"Sikuombi useme uongo. Nakuomba useme uliyoyaona."

"Ndiyo hayo hayo yanayomfukuzisha mtu kazi."

"Kilemba chako kipo kwangu," Mwanajuma alisema. "Nimekifua mara tatu, damu haitoki. Nikurudishie?"

Bwanausi aliendelea kusugua mpira wa tairi. Alikuwa mtu mwema, watu wote walisema hivyo, na wema wake ulimtosha kufunga jeraha na haukumtosha kufungua mdomo. Mji umejaa wema wa namna hiyo.

*

Jumatatu Mwenyekiti alikuwa bado analifikiria. Siku ya Jumanne Mwanajuma akachukua fomu yake tupu, akaipeleka Boma kwa Afisa Kazi mwenyewe, akaiacha mezani pake kabla mwezi haujaisha. Siku ya sita ikaja barua. Aliyeileta ni tarishi wa Boma, mzee Mrisho, mwenye sare ya kaki iliyopauka. Mwanajuma aliipokea akaitazama. Ilikuwa imepigwa taipu.

"Nisomee, kaka Mrisho."

"Na wewe binti Mwalimu Kombo wa kusomewa?"

"Hizi herufi zao mimi sizijui. Nimeshaandikwa."

Ni kweli aliandikwa. Mwaka wa sabini, walipopita watu wa elimu ya watu wazima nyumba kwa nyumba, kijana mmoja alimpa kadi iliyoandikwa kizungu, akamwambia asome. Mwanajuma akasema hajui. Kijana akaandika kwenye daftari: hajui kusoma na kuandika. Yeye alicheka tu. Baba yake, Mwalimu Kombo, alikuwa na chuo cha Kurani miaka thelathini, na kwa herufi za Kiarabu Mwanajuma aliandika Kiswahili chote alichotaka. Nusu ya wanawake wa mtaa waliokuwa na waume Unguja au Pangani waliandikiwa barua na yeye. Lakini serikali ilikuwa imeshapima, na kwa kipimo chake yeye alikuwa mjinga.

Mrisho akasoma. Kitwana afike Boma Alhamisi saa tatu asubuhi. Kampuni imewasilisha maelezo yake.

"Maelezo gani?" aliuliza Kitwana toka mkekani.

Mrisho alikunja barua. "Mimi ni mbeba karatasi tu, bwana. Lakini uso wa Bwana Alawi alipotoka pale ulikuwa wa mtu aliyeshiba."

*

Afisa Kazi, Ndugu Kulwa, alikuwa kijana wa Kisukuma aliyefika Bagamoyo miezi minane iliyopita. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Kitwana shikamoo, akamsogezea benchi, na alipouona ule mkono akasahau kwa nukta chache alichotaka kusema. Bwana Alawi alikuwa ameshakaa, koti juu ya kanzu, miguu amekunja nne.

"Mzee," alianza Kulwa, "mkeo ameleta fomu ya ajali, na nilipowaandikia kampuni wameniletea muhtasari wa kikao cha Bodi. Nitausoma, nawe utajibu."

Akasoma kwa Kiswahili chake cha shule, neno kwa neno. Kwamba Bodi ya Wakurugenzi ilikutana siku nne kabla ya ajali. Kwamba ilielezwa katika kikao hicho kuwa mfanyakazi Kitwana ana tabia ya kufungua mashine siku za Ijumaa, watu wakiwa msikitini, na kusaga chumvi ya kampuni kwa biashara yake mwenyewe. Kwamba Bodi iliazimia aonywe kwa mara ya mwisho. Kwamba kwa hiyo lolote litakalompata katika kitendo hicho halitakuwa ajali ya kazini.

Kitwana alifungua mdomo, akaufunga.

"Mimi mwizi?" alisema mwishowe. Hakumwuliza afisa, alimwuliza Bwana Alawi. "Bwana, miaka ishirini na miwili. Ufunguo wa ghala ulikuwa unalala kwangu. Mimi mwizi?"

"Si mimi ninayesema," alijibu Bwana Alawi kwa upole, akitazama dirishani. "Ni Bodi."

"Alinituma yeye," Kitwana alimwambia afisa. "Alikuja mwenyewe. Lori la Msata lilikuwa linasubiri."

"Una shahidi, mzee?"

Kitwana alitazama mlangoni, kana kwamba Bwanausi angeweza kutokea. Hakutokea mtu. Bwanausi saa ile alikuwa anapita Msata na mzigo.

Kulwa alikuna kidevu. Jambo lile halikumpendeza, ilionekana. "Sasa utanisaidia vipi nikusaidie? Hapa nina watu wawili wenye vyeo. Mwenyekiti ametia sahihi, Katibu ametia sahihi kuthibitisha. Neno lako wewe ni la mtu mmoja. Wawili juu ya mmoja, mzee wangu, hata mimi sina njia."

"Basi yamekwisha," alisema Bwana Alawi, akashusha mguu.

"Hayajaisha," alisema Mwanajuma.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kanga ameifunga kichwani vizuri, na mpaka hapo hakuwa amesema ila salamu.

"Mwanangu, naiomba hiyo karatasi niione."

Bwana Alawi akacheka, cheko fupi la puani. "Aone nini? Hajui kusoma huyu. Muulize."

"Unajua kusoma, mama?"

"Nimeandikwa sijui."

"Sasa itakusaidia nini?"

"Nataka kumwona huyo mtu wa pili," alisema Mwanajuma. "Sisi machumvini hatujamwona tangu mwaka wa sitini na nne."

Kulwa alisita, kisha akaisogeza karatasi ukingoni mwa meza.

Maandishi ya taipu yalimpita Mwanajuma kama safu za siafu, hakujishughulisha nayo. Alitazama chini. Palikuwa na mihuri miwili. Juu ya mmoja palikuwa na mchoro wa kizungu wenye mkia mrefu, ule ule uliokuwa kwenye vipande vya mshahara vya mumewe kila mwezi. Juu ya muhuri wa pili palikuwa na maandishi ya Kiarabu, ya mkono mzuri, yaliyosimama sawasawa. Akayasoma. Akarudia kuyasoma, kwa kuwa hakuamini kwamba mtu anaweza kuwadharau wenziwe kiasi hicho.

Bwana Alawi hakuwa mpumbavu. Jina la nduguye hakulighushi, maana kughushi ni jela. Alichofanya ni kuandika jina lake mwenyewe mara mbili, mara ya kwanza kwa herufi za serikali, mara ya pili kwa herufi za chuoni, na kuwaachia maafisa wa kutoka bara wajaze wenyewe mawazo yao: huyu kijana wa kisasa, na yule bila shaka ni shehe fulani mtu mzima. Miaka saba ilimfaa. Alisahau kitu kimoja tu. Alijifunza herufi zile utotoni, juu ya ubao wa Mwalimu Kombo, wavulana wamekaa mbele. Na nyuma ya pazia, ambako hakuwahi kutazama, walikuwa wamekaa watoto wa kike.

"Huyu ndiye Katibu?" aliuliza Mwanajuma, kidole juu ya yale maandishi.

"Ndiye," alisema Kulwa.

"Anaitwa nani?"

Kulwa alimgeukia Bwana Alawi.

"Katibu ni Katibu," alisema Bwana Alawi. Mguu wake ulikuwa umeanza kupiga sakafu. "Hiyo ni sahihi ya Katibu wa kampuni. Ndugu Afisa, tunapoteza wakati wa serikali na mwanamke wa—"

"Hapa pameandikwa Alawi bin Sadallah."

"Mwongo!"

"Pameandikwa hivyo."

Kulwa aliinua karatasi, akaileta karibu na macho, akaigeuza kidogo upande. Alisoma mpaka darasa la kumi na mbili, alikuwa na cheti ukutani, na sasa alikuwa anatazama mistari ile kama mtoto. Uso ulimwiva.

"Mimi... herufi hizi mimi sizisomi," alisema.

"Nipe karatasi tupu na kalamu, mwanangu."

Akapewa. Mwanajuma akainama juu ya meza, akaanza mkono wa kulia kwenda kushoto, bila haraka. Mwalimu mmoja, chuo kimoja: mkono wake na mkono wa Bwana Alawi ulikuwa na pinda zile zile.

"Hili ni Alawi bin Sadallah. Weka kando ya hilo lake. Sasa hapa chini nakuandikia jina la ndugu yake aliye Maskati." Akaandika tena. "Hili ni Mgeni bin Sadallah. La baba ni moja, unaona? La mwana ni mbalimbali. Sasa tazama la kwenye muhuri, uniambie linafanana na lipi. Hapa huhitaji kujua kusoma."

Kulwa alitazama la juu, akatazama la chini, akarudi kwenye muhuri. Alichukua muda. Mlangoni, mzee Mrisho alikuwa amejongea na bahasha zake, shingo ameinyosha, na kabla hajajizuia alisoma kwa sauti, "Alawi bin Sadallah," kisha akaziba mdomo kwa bahasha.

"Mzee Mrisho, njoo," alisema Kulwa. "Soma tena."

"Mimi ni mbeba karatasi tu, bwana."

"Soma."

Mrisho alimtazama Bwana Alawi, akamtazama Kitwana na ule mkono wake. Akasoma tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayesoma dua.

*

Bwana Alawi hakukana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Haya, ni mimi. Kuna kosa gani? Mimi ni Mwenyekiti, mimi ni Katibu, mimi ni Meneja. Ndugu yangu ameondoka, kazi afanye nani? Hakuna anayenikataza kushika vyeo katika kampuni yangu."

"Vyeo shika hata kumi," alisema Kulwa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameona haya, na haya yake ilikuwa inageuka hasira. "Lakini karatasi hii inataka watu wawili. Mmoja aseme, mwingine athibitishe. Mtu mmoja mwenye kalamu mbili ni mtu mmoja. Na hiki kikao, Bwana Alawi. Mlikaa nani na nani?"

"Bodi ilikaa."

"Nani na nani?"

Bwana Alawi aligeukia dirisha.

"Alikaa peke yake," Mwanajuma alisema. Alikuwa amesimama, na yale ya siku thelathini na nne yalikuwa yanatoka. "Alikaa peke yake, akajiuliza, akajijibu, akaafikiana na nafsi yake kuwa mume wangu ni mwizi. Kulikuwa na aliyepinga, Bwana? Yule wa kwenye kiti, ulichonikataza nisikalie, yeye hakusema kitu? Ulipomtuma Kitwana ulikuwa Meneja. Uliponikimbiza na fomu ulikuwa Mwenyekiti. Ulipomwita mwizi ukawa Katibu. Na pale mashine ilipomkamata, ulikuwa nani? Ulikuwa safu ya mbele, unasali!"

"Mama Tatu," alisema Kitwana taratibu.

"Niache! Nimeuchunga ulimi vya kutosha."

Kulwa alingoja mpaka akae. Kisha akauchukua ule muhtasari, akapiga mistari miwili ya kalamu nyekundu kutoka pembe hadi pembe, akaandika tarehe. Akatoa fomu ya ajali iliyokuwa tupu bado. Akaijaza mwenyewe, akiuliza maswali kwa sauti na kumtaka Bwana Alawi ajibu: siku, saa, kazi aliyopewa, aliyempa kazi. Bwana Alawi alijibu. Jibu la mwisho alilitoa kwa sauti ndogo hata Kulwa akamwambia arudie.

"Mimi. Nilimtuma mimi."

Kitwana aliinamisha kichwa aliposikia, akashusha pumzi ndefu. Vidole havitarudi. Hata fidia ikija, itakuja kwa miezi, kwa barua juu ya barua, na chumba wataambiwa wakihame. Hayo Mwanajuma aliyajua wakati ule ule. Lakini neno lile lilikuwa limeandikwa.

"Sahihi ya mfanyakazi," alisema Kulwa, na kwa mazoea akamsogezea Kitwana pedi ya wino. Kisha akauona mkono, akataka kuirudisha, hajui aseme nini.

"La kushoto lipo," alisema Kitwana. Akalichovya, akalibandika.

"Sahihi ya mwajiri. Hapa. Mara moja."

Bwana Alawi alitia sahihi ya kizungu, yenye mkia. Chini yake palikuwa na mstari mmoja umebaki, mstari wa shahidi. Na hapo, wallahi, mkono ulimsaliti mwenye nao. Miaka saba ya kutia sahihi mbili mbili haiondoki kwa dakika moja. Kalamu ilishuka yenyewe kwenye ule mstari wa chini, ikahamia upande wa kulia, ikawa tayari kuanza.

Kiganja cha Mwanajuma kilitua juu ya karatasi.

"Hapo si pako," alisema. "Hapo pa mtu wa pili."

Akakunjua mkono mwingine mbele yake, ameufungua, akangoja. Bwana Alawi alimtazama afisa. Afisa alikuwa anatazama karatasi. Kalamu ilikuwa moja tu mezani, na ilichukua muda kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mwanajuma aliinama, akaanza kuandika kutoka upande wa kulia.

"Mama," alisema Kulwa, kwa taabu, "herufi hizo... ofisi yetu Dar es Salaam—"

"Za Bwana Alawi mmezipokea miaka saba."

Mwanajuma aliandika mpaka mwisho, akapuliza wino ukauka, akamgeuzia Kulwa fomu.

"Umeandika nini, mama?" aliuliza kijana yule kwa adabu.

Mwanajuma akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akamsomea: "Mwanajuma binti Kombo, shahidi."